Jeneza la Kwenye Filamu

Dada yangu,

Wote hawajambo, ila mbavu zinawauma kwa kucheka. Jana niliwaonyesha filamu niliyotengeneza, ya familia inayogombana mazishini hadi jeneza linaanguka, kama tulivyofanya siku ya kumzika baba. Shangazi alimcheka shangazi mbea wa kwenye filamu. Baba mdogo akamcheka mlevi hadi akajimwagia chai. Mimi nilikaa kama niliyekalia miiba, nikingoja angalau mmoja ajitambue. Wapi!

Mama peke yake hakucheka. Mwishoni akauliza, "Mbona binti aliyeondoka kwa hasira hayumo?"

"Sikupata mwigizaji," nikajibu. Huo ni uongo. Niliogopa ungeiona ukaumia.

"Basi mwite mwenyewe," akasema, "kabla jeneza halijawa langu."

Dada, hakuwa akitania. Njoo.

Mdogo wako asiyetulia