Meza ya Kubeba Samaki Wako

Kirotshe, tarehe 9 mwezi wa tatu

Kaka Valens,

Mama anakohoa tu, anakusalimia huko Ubelgiji.

Unasema simu ya Papa haipatikane, nimuulize namna ya kutengeneza meza ya akwariamu yako ya maji ya chumvi, kilo mia tatu. Nilikuwa namushikia mbao, nitakujibu mimi. Uzito ukalie muti, si musumari. Chonga kichwa cha muguu wa meza, ubao ukae ndani yake. Misumari, chumvi itaikula.

Meza ya Papa inabeba. Tulipokimbia Kirolirwe tuliifanya kipoyi cha kubebea mugonjwa, tukamulaza Papa na risasi tumboni. Siku mbili kwenye matope, hakuna kiungo kilicholegea. Hospitalini muganga akaigusa, akauliza fundi ni nani.

Nikatoa kitenge usoni kwa marehemu Papa.

“Fundi njo huyu.”

Ni mimi dada yako,
Murekatete