Helmeti Iliyopimwa Juu ya Misuko

Mwanangu Thandeka, kitindamimba wangu,

Jana ulinitumia ujumbe wa sauti, nikausikiliza mara sita nimekaa jikoni. Kiswahili chako kimenyooka. Miaka yote hapa Johannesburg, Turffontein, nilikuwa nakusemesha Kiswahili, unanijibu Kizulu. Leo, miezi minane tu kwa bibi yako Morogoro, unasema "shikamoo Ma" bila kucheka. Nilifurahi. Kisha ukasema, "Ma, nitunzie helmeti yangu, iko juu ya kabati. Nikirudi nataka kuruka tena."

Helmeti haipo tena juu ya kabati. Nitakueleza ilikokwenda, lakini kwanza nina jambo la kukwambia ambalo ningepaswa kulisema tangu Julai. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa lugha nyingine ningepata pa kujifichia. Ukikwama, soma tena polepole. Usimpe bibi yako akusomee, maana ataacha kusoma katikati aanze kunitetea.

Unakumbuka Jumamosi zile baba yako alipokuwa anakubeba mabegani hadi kwenye uzio wa uwanja wa farasi? Mlikuwa hamlipi kiingilio, mnachungulia tu, halafu mnarudi mnanuka vumbi na karanga. Siku moja mpanda farasi alianguka mbele yenu, akabiringika, akainuka anajipangusa suruali. Ukamuuliza baba yako mbona yule mtu hakufa. Akakugonga utosini kwa kidole, akasema neno moja: "Kofia." Siku hiyo nilitafuta sufuria yangu ya ugali nyumba nzima, kumbe umeivaa wewe, unaruka kutoka kwenye kochi.

Kwa hiyo ulipotuambia umejiandikisha kujifunza kuruka na parachuti, mimi ndiye pekee niliyeshtuka. Nilisema mengi. Nilisema watu waliokosa shida ndio wanaojitupa kutoka kwenye ndege, na wewe shida unazo tele, hata za kugawa. Baba yako alikuwa ameshaanza kuumwa, amejifunika blanketi pale kwenye kochi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Mwache. Mimi niliwakimbia makaburu wa nchi hii kwa miguu nikiwa na miaka kumi na tisa, hakuna aliyenipa hata kofia. Huyu angalau atavaa."

Siku ya kwenda kuchagua helmeti, aliniita pembeni. "Nenda naye wewe," akaniambia. "Usimwache achague kwa macho." Hilo hukulisikia. Ndiyo kazi ya mwisho baba yako aliyonipa ambayo ilikuwa inakuhusu wewe.

Mwalimu wako, yule mrefu mwenye ndevu nyekundu, alikuwa amekwambia uje na nywele utakazorukia. Nami nikaona hapo sasa ndipo penye fani yangu. Ijumaa nilifunga saluni mapema, nikakusuka misuko minene ya kujaza rasta, mizuri mpaka wateja wakakuonea wivu. Kesho yake tukaenda. Tulipokuwa tumesimama kwenye robot ya mwisho, zile taa za barabarani, kabla ya kutoka mjini, ulijitazama kwenye kioo cha gari ukasema, "Ma, hata nikianguka nitaanguka nimependeza." Nikakupiga kofi la paja. Maneno gani hayo.

Helmeti zilikuwa zimepangwa mezani pale kwenye shule ya kuruka. Ya ngozi, laini, ambayo mwalimu alisema wakongwe wao huivaa kwa mazoea tu. Nyeusi inayofunika uso mzima na kioo mbele, hiyo ndiyo uliyoikimbilia, ukafanana na askari wa kutuliza ghasia. Na zile ngumu za kawaida, zilizo wazi usoni. Mwalimu akakutoa kwenye ile nyeusi kwa upole. Anayeanza, alisema, avae ngumu, uso wazi, ili mwalimu amwone macho na yeye asikie redio vizuri sikioni. Isiwe na kitu chochote kilichochomoza nje, kamba zisije zikanasa. Na iwe imekamata kichwa. Mpaka hapo nilimwona mtu mwenye akili.

Akakuvika ya kati. Akaishika kwa mikono miwili, akaitikisa, na ngozi ya paji lako ikaenda nayo huku na huku. Akasema ndivyo inavyotakiwa. Mimi nikaona inavyokukandamiza misuko, inakuvuta nywele za mbele, zile ambazo nimezilea tangu una miaka mitatu. Nikasema hii ndogo. Akasema tuishushe misuko ifungwe kisogoni, itakaa. Nikasema hii ndogo. Akasema, "Mama, helmeti inafuata kichwa, nywele ndizo zinazoifuata helmeti." Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Nimeshika vichwa vya watu saluni kwangu Berea miaka ishirini na tano. Wewe umeshika vingapi?"

Uliona aibu, ukatoka nje kuangalia ndege. Yeye akainua mikono kama mtu aliyekamatwa, akanipa kubwa. Na kweli juu ya misuko ile ilikukaa. Akaitikisa, haikucheza. Kabla sijatoka akanisimamisha mlangoni, akanitazama machoni. "Akibadilisha nywele, mje tupime upya." Nikamwambia sharp, nimeelewa. Hukuwepo. Maneno hayo yaliingia masikio yangu mimi peke yangu, na hayakufika kwako.

Juni baba yako akatuacha.

Siku ya kunyoa nayo unaijua, lakini huijui yote. Shangazi yako, dada mkubwa kabisa wa marehemu, alisema kwa watoto wa kike hata kukata kishungi kimoja kunatosha, siku hizi vijana wana kazi za ofisini. Ni mimi niliyesema hapana. Nikasema kwetu mtoto akifiwa na baba ananyolewa kichwa kizima, na wewe utanyolewa. Ulivuta kiti, ukaniinamishia kichwa. Nikafumua mwenyewe misuko niliyokusuka, nikashika mashine mwenyewe, nikakuacha kipara.

Ngoja nikwambie ukweli: haikuwa mila iliyonisukuma. Miaka thelathini na kitu nimeishi na ukoo huu wakiniita "yule Mtanzania". Wananipenda, sisemi hawanipendi, lakini ni yule Mtanzania. Siku ile nilitaka waone kwamba hakuna aliyemlilia mtu wao kuliko mimi. Na nilichowaonyesha kilikuwa kichwa chako.

Wiki mbili baadaye ikawa Jumamosi yako ya kuruka. Nilikuwa na hasira na wewe, Thandi. Msiba haujapoa, mimi nimekaa na nguo nyeusi, wewe unakwenda kuchezea mawingu. Lakini baba yako alikuwa ameshatoa baraka yake, na neno la marehemu nitalipinga kwa lipi? Basi nikawa nabamiza vyombo tu.

Ukaingia jikoni umevaa helmeti, unanionyesha. Ukageuza shingo kunitazama, helmeti ikabaki inatazama friji. Ukacheka. Ukaigeuza kwa mikono, ukatikisa kichwa tena, ikaenda tena. Mimi nilicheka na wewe. Unakumbuka nilivyocheka? Wewe ulidhani nimeacha kununa.

Wakati nacheka nilikuwa nimeshaona. Hakuna mtu Johannesburg nzima aliyejua kwa nini helmeti ile inacheza isipokuwa mimi. Maneno ya mwalimu nilikuwa nayo hapa kwenye ulimi. Nikayameza. Nikajisemea moyoni: wacha aende nayo. Watamkagua, wataiona, watamwambia leo huruki, rudi nyumbani. Atarudi analia, nitampikia, na hatasema ni Ma aliyemkataza. Nilitaka wageni wakukatalie kwa niaba yangu. Huo ndio ujanja wangu, na sikuwahi kuwa na ujanja mbaya kuliko huo.

Sikufikiria baridi. Julai, kichwa kipara, uwanja umekauka kama sakafu, ukatoa kofia ya sufu ya baba yako mfukoni ukaivaa chini yake. Kwa macho ikawa inakaa. Mwalimu alikukagua mikanda ya parachuti moja moja, akauvuta na ule wa helmeti kidevuni, akakupigapiga juu ya helmeti, akasema sharp. Nilikuwa nimekusindikiza, nimesimama nyuma ya uzio, hatua ishirini hivi. Nilikuwa na nafasi ya kupaza sauti mpaka mlipopanda, na hata mlipopanda ndege ilikaa pale ikinguruma kwa muda mrefu. Nilishika waya wa uzio kwa mikono miwili. Nikasema wanajua kazi yao.

Uliteremka vizuri. Kila mtu alisema hivyo. Ni miguu tu iliyoteleza mwishoni, ukaenda chali, na helmeti ikakukimbilia usoni kama kofia ya mlevi. Kisogo kikafika chini peke yake, na kile kitambaa cha sufu.

Siku ya nne hospitali ulifungua macho ukanitambua. Sauti haikuwa inatoka vizuri. Neno la kwanza ukasema, "Samahani, Ma. Nilifunga mkanda vibaya." Thandeka, hapa ndipo ninapoamkia kila siku ya Mungu. Ulikuwa na bomba mkononi, sikio la kushoto limeshaziba, na unaniomba msamaha. Mimi nikakushika mkono nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Lala."

Nikausamehe mkanda ambao haukuwa na kosa. Na tangu siku hiyo umemwambia hivyo kila mtu, umemwandikia hivyo mwalimu kwenye fomu zake, umemwambia shangazi yako, umemwambia bibi tangu ulipokwenda kwake kupona. "Nilifunga vibaya." Nakusikia unavyosema kwenye simu, umeishika upande wa kulia. Ukinipigia baada ya kizunguzungu unajilaumu tena, nami nakwambia usijali, yameshapita. Kwangu hayajapita hata kidogo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa mimi.

Baada ya ujumbe wako wa jana nilivaa viatu nikaenda kwa mwalimu. Nilimkuta anakunja parachuti sakafuni. Nikamwambia yote, nimesimama: ya kati, ya kubwa, maneno yake mlangoni, kunyoa, friji. Nikamwambia ile fomu ya Thandeka aichane, mkanda ulifungwa sawasawa. Aliacha kukunja. Kisha akasema naye aliiona ile kofia ya sufu, akadhani ni baridi tu, na kwamba ilikuwa kazi yake kuivua atazame. Alisema analibeba hilo. Nilimwambia abebe la kwake, la kwangu asiliguse.

Helmeti nilikwenda nayo. Aliniambia iliyogonga haivaliwi tena hata kama haina ufa, na nikamwomba kisu. Nilikata mkanda mwenyewe, asije mtu akaiokota akampa mwanawe. Ndiyo maana haipo juu ya kabati.

Ndani ya bahasha hii kuna futi ya kupimia, ile laini ya cherehani yangu. Ukiamua kuruka tena, na siwezi kukwambia usiruke, hiyo haki sina, jipime wewe mwenyewe. Izungushe upana wa kidole kimoja juu ya nyusi, ipite kisogoni mahali panapotoka zaidi. Kisogoni utapita juu ya kovu, usiogope, pita tu. Namba utakayoipata ni yako. Usiniulize kama ni sawa. Bibi yako anasema nywele zimefika masikioni na umemkatalia kusukwa, eti unaningoja mimi. Usiningoje. Amua kwanza nywele utakazorukia, ukapimwe nazo, mimi nitasuka kile tu utakachoniambia.

Sijui utanijibu nini. Ukikaa kimya nitajua unasoma, au umemaliza kusoma na hunitaki kwa sasa, na yote mawili nitayapokea. Ila kitu kimoja siwezi kuendelea kukaa nacho. Ile samahani uliyonipa kitandani hospitali niliichukua na haikuwa yangu. Nakurudishia, mwanangu. Hukufunga vibaya.

Na kama siku itafika unakwenda uwanjani tena, ukakubali nije, nitasimama palepale kwenye uzio. Nikiona kitu kinacheza, hata kifungo, nitapiga ukelele ndege izimwe na watu wote wageuke waseme nani amemleta huyu mama. Uwaambie ni wako.

Mimi niliyecheka jikoni,
Mama yako