Kwa Evarist Wetu, Aliyewatafutia Kasuku Makao

Mwaka umetimia, Evarist, tangu malaria ilipokuchukua tarehe 11 Machi 1997, na mimi bibi yako bado nabandika maji ya kuoga ya mtu anayerudi jioni. Yakipoa nayamwagia mchicha.

Ulikuwa unaingia na tope hadi magotini, unaniamkia, nami nakujibu, "Marahaba mume wangu, leo umewahesabu wangapi?" Unacheka. "Bibi, mimi sihesabu kasuku. Natafuta nyumba zao."

Watu wa Ifakara walishangaa mwanaume mwenye mke kuzunguka bonde zima akichora ramani ya ndege. Hukuwakasirikia. Uliwaeleza pale pale njiani, baiskeli umeishikilia, kwamba kasuku hawa wanapungua, na hawatagi kwenye mti wowote tu. Wanataka mti mzee wenye tundu, matunda yawe karibu, na maji. Palipo na hayo yote ulipapaka kijani kwenye ramani, hata kama bado hawajafika, ili wakija wasiwe wamechelewa.

Baada ya kula nilikutegea vitendawili. "Nyumba yangu haina fundi, mlango wake hauna bawaba." Jibu ulilijua, tundu la kasuku, ila ulijifanya umeshindwa ili unipe mji. Ulinipa Dar es Salaam, ukaniambia niitawale vizuri na nisiwasahau wa nyumbani.

Kilichokukosesha usingizi ni mivule mitatu ya Mofu, shambani kwa mtani wetu Melkiori. Kasuku walikuwa wanazalia humo, naye alitaka kuiangusha apanue mpunga. Ulimsihi sana. Akakujibu, "Nyie Wapogoro mmekosa kazi, sasa mnawapimia ndege viwanja. Wanangu wale manyoya?" Basi ukatumia haki ya utani. Ulibeba shoka lake na msumeno mchana kweupe, mwenyewe anaona, ukavileta jikoni kwangu. Mtani akichukua haitwi mwizi, Mngoni wa watu angekushitaki wapi? Akawa anakuja kuvidai, anakunywa chai, anatutukana kidogo, anaondoka.

Msibani alikulilia kwa mizaha, kama desturi ilivyo. Aliiga mwendo wako, shingo juu kutafuta matundu, mpaka akatumbukia mtaroni, tukacheka huku tunalia. Lakini Septemba, watu walipoanza kusafisha mashamba, alikuja akataka vifaa vyake. Nilimpa. Aliyevichukua ni wewe, na wewe hupo tena kuvizuia, ningemwambia nini? Toka siku ile chakula hakikunipita vizuri. Kila nikisikia mti umeanguka mahali, nilisema moyoni, leo namzika Evarist tena.

Wiki iliyopita mama yako alijitahidi na mvua hizi akafika Mofu. Mivule yote mitatu imesimama, mpunga umeizunguka. Melkiori alifyeka vichaka tu. Alimwambia mama yako, "Kivuli kinanidumazia mpunga. Huyu mtani wangu kafa na bado ananitania. Mwambie bibi, shoka nilipeleka hadi kwenye shina, nikashindwa kuinua mkono." Mama yako alingoja pale mpaka kasuku wakarudi kulala, wanapiga kelele zao zile ulizokuwa unaziiga, akachelewa kivuko.

Nimeshukuru, mjukuu wangu. Ila habari kama hiyo ningependa uniletee wewe, umesimama mlangoni na tope lako.

Unakumbukwa na mkeo Agnetha. Binti yako Teddy, ambaye sasa anatembea, na kila ndege anayemwona anamwita baba. Mama yako Balbina. Mjomba wako Alphonce. Mtani wako Melkiori, aliyedai naye aandikwe. Na mimi bibi yako, Domitila. Misa ya kukuombea ni Jumatano asubuhi hapa Ifakara.

Hatutakusahau, Evarist, siku zote za maisha yetu.