Nyumba Inayotoa Jasho

Jumapili, 11 Januari 2009
Mvua siku ya tano. Ukuta wa chumbani umelowa hadi usawa wa magoti. Leo nimefungua kabati — suti ya marehemu mume wangu imeota ukungu! Gwamaka, mtanashati yule, hata kuvuka mpaka kwenda Nakonde kununua sabuni alikuwa anachomekea. Nimelia, kisha nimeipiga brashi kwa hasira.
Kifua kimebana tangu alfajiri.

Jumatatu, 12 Januari
Zahanati mara moja, Restuta jirani kanishikia nyumba. Daktari kasema kwa pumu yangu dawa peke yake haitoshi, nihame hadi mvua ziishe. Nihame! Shemeji yangu Amoni anadai nyumba ni ya ukoo. Baraza la kata limesema aliyemo ndani akae mpaka kesi isikilizwe, tarehe 2 Februari. Nikitoka, anaingia yeye, na kumtoa ni kazi ya miaka. Basi nakaa.

Jumatano, 14 Januari
Restuta kanigombeza kama mtoto. Unapika ndani, unaanika ndani, halafu unashangaa kuta zinalia? Kweli, mwenzangu. Kwa woga wa kutoka, hata maharage nachemshia sebuleni. Kasema jiko litoke, nguo zianikwe nje, na madirisha ya mbele na nyuma yafunguliwe pamoja hewa ipite.

Alhamisi, 15 Januari
Jiko liko kibarazani. Nimesonga ugali mguu mmoja ndani, mmoja nje. Restuta kacheka hadi kakaa chini!
Lakini dirisha la nyuma halifunguki. Linafungukia nje, na nje kuna matofali ya Amoni, yamepangwa hadi juu. Aliyaleta wiki ile ile ya msiba, eti ya kujengea choo. Nimemtumia meseji ayaondoe. Kajibu: sawa shemeji, usijali.

Jumapili, 18 Januari
Hajaja.

Jumatatu, 19 Januari
Nimelala nimekaa. Godoro bichi, shuka bichi. Dawa ya kupuliza imebaki kidogo, naogopa kuitikisa nikajua ukweli. Restuta yuko Mlowo, ameenda kununua mahindi, hadi jioni.
Saa nne. Jua limetoka, hatimaye! Nikawaza: nizunguke nyuma, nipunguze matofali, dirisha lifunguke. Nikavaa kandambili. Mlango wenyewe ni huu mmoja. Nikafungua —
Amoni. Kakalia kigoda changu kibarazani. Mkononi kufuli jipya, bado limo kwenye boksi lake la dukani.
Nimefunga. Nimekaa sakafuni, mgongo mlangoni, kifua kinapiga filimbi. Naandika daftari likiwa magotini.
Anagonga taratibu. Hana hasira hata kidogo. Anasema anasikia ninavyohema, anaona huruma. Toka, shemeji, toka upate hewa. Nyumba nitaiangalia mimi.