Lita Tano za Kufika Kitui

Sultan Hamud,
3 Agosti 2024

Kwa Baba,

Habari za huko? Natumaini masikio yako hayakusumbui sana, na kwamba kifua cha mama, Mwaitu wetu, kimetulia tangu vumbi lianze. Mimi ni mzima. Shule zikifungwa chumba changu kinakuwa kimya mno, nami nikiwa kwenye kimya huanza kupiga hesabu.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunisikii, na Mwaitu akikupokelea maneno yangu huyapunguza ukali kabla hayajakufikia. Ni kuhusu pikapu niliyonunua uuzie maji. Kitabu kilichokuja nayo kinasema lita moja ya dizeli inakwenda kilomita tisa. Nimejumlisha kilomita ulizoniandikia tangu Aprili, nikagawanya kwa lita ulizoweka kituoni kwa Githaiga, ninazolipia mimi. Ninapata nne na nusu. Ni nusu kamili, Baba. Nimerudia mara tatu.

Mimi hufundisha fizikia. Najua nguvu haipotei hewani, lazima iende mahali. Hiyo nusu nyingine inaenda wapi?

Sikulaumu. Nauliza tu.

Binti yako,
Mwongeli


Kwa Vonza,
10 Agosti 2024

Kwa binti yangu Mwongeli,

Salamu nyingi. Sisi tuko, mama yako anakohoa asubuhi tu. Masikio ni yale yale. Miaka thelathini na mbili ya lori iliyakula, na hayo hakuna kitabu kinarudisha.

Nimesoma barua yako mara mbili. Aliyeandika hicho kitabu alikuwa peke yake ndani ya gari, kwa lami, bila mzigo, pengine hata bila koti. Mimi nabeba tangi la maji lita elfu moja. Hiyo ni tani nzima mgongoni. Kutoka kisimani mpaka huku kwetu ni kilomita kumi na nne za mchanga, na pale mtoni naingia gia ya chini kabisa, magurudumu yote manne yanachimba. Watu wakichota sizimi injini, maana betri ikilala haiamki. Gari inakunywa ikiwa imesimama. Huko kwenu fizikia hamsomi hiyo?

Usijibu kwa hesabu. Njoo uketi kando yangu siku moja tu, kutoka asubuhi mpaka jioni, uangalie mshale ukishuka. Mama yako atapika muthokoi.

Baba yako,
Kiilu


Sultan Hamud,
17 Agosti 2024

Kwa Baba,

Habari za nyumbani? Nashukuru kusikia Mwaitu anakohoa asubuhi tu.

Sitaweza kuja. Shule inafunguliwa na nina madarasa ya mtihani. Nimekubali kwamba mzigo na mchanga vinaongeza kidogo. Haviwezi kula nusu nzima. Musembi, tunayefundisha naye, alikuwa na pikapu kama hii, na anasema kila dereva ana mtungi wake wa dizeli nyuma ya nyumba. Nilimjibu kwamba dereva wangu ni babangu. Akacheka. Nimekaa na kicheko hicho wiki nzima.

Kwa hiyo nimeshazungumza na Githaiga. Kila Jumatatu atakuwekea lita arobaini, na si zaidi. Kwa kilomita tisa, zinatosha safari zako zote za wiki. Kando ya hizo, nimemwambia akupe mtungi wa lita tano ukae nyumbani umefungwa, kwa ajili ya kifua cha Mwaitu. Kutoka nyumbani hadi hospitali Kitui ni kilomita arobaini na tano. Gawanya kwa tisa. Akizidiwa, lita tano zitamfikisha.

Hapa nilikuwa nimeandika neno nikalifuta. Utaona alama yake. Nisamehe.

Binti yako,
Mwongeli


Kwa Vonza,
1 Septemba 2024

Kwa Mwongeli,

Salamu. Tuko.

Nimefanya ulivyosema. Jumatatu Githaiga aliweka arobaini akatoa bomba. Nikamwambia ongeza. Akasema, "Mzee Kiilu, mwalimu amesema arobaini, hata ukilia." Watu kituoni wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Jumatano jioni mafuta yanakuwa yameisha. Tangu Alhamisi gari inakaa nyumbani, na wateja wetu wanarudia maji ya punda. Mbithi wa jirani aliuliza kama imeharibika. Nilimwambia ndiyo.

Mtungi wa lita tano uko chini ya kitanda, haujafunguliwa.

Lile neno ulilofuta nimelisoma. Mama yako anasema ni wino tu ulimwagika.

Baba yako,
dereva


Sultan Hamud,
13 Oktoba 2024

Kwa Baba,

Sijui nianze vipi barua hii. Sikuzote nilianza kwa kuuliza kifua cha Mwaitu.

Ni siku kumi na saba tangu afie barabarani, na wiki moja tangu tumzike. Katika mazishi ulinishika mkono mbele ya watu, ukaniuliza kama nimekula. Hukusema neno juu ya mafuta. Nilikaa nikingoja useme.

Siku ya pili yake uliniona nikiondoka na gari. Hukuniuliza naenda wapi, kwa hiyo nakuambia. Nilimaliza dizeli yote ndani ya tangi, nikamimina lita tano nilizopima mwenyewe. Nikapakia maji kama uliyokuwa nayo siku ile, yale ya Jumatano ambayo hayakuwa yameuzwa. Mbithi, aliyepanda nyuma siku ile, alikaa kando yangu, mahali ambapo ningekaa mwezi wa Agosti. Alinionyesha pale ulipofungua koki ya maji ili mzigo upungue bila kusimama. Alisema yalimwagika nyuma yenu njia nzima, na watu walitoka na ndoo kuyakinga wakidhani umepatwa na wazimu. Nami nikafungua pale pale.

Kwenye mchanga mshale ulishuka kama ulivyoniambia. Tulipanda lami, tukapita Kwa Vonza. Gari lilizima kilomita kumi na tisa kabla ya Kitui. Wewe lilikuzimikia mita mia mbili mbele ya hapo, Mbithi ameweka jiwe. Maana yake wewe mwenye kukimbiza mgonjwa uliyatumia vizuri kuliko mimi.

Mbithi anasema mlipungia magari mkono dakika arobaini. Anasema Mwaitu aliacha kukohoa kabla lori halijasimama.

Kuna jambo moja sielewi, na haliniachi nilale. Ulipita kwa Githaiga. Amekuambia na wewe, najua, kwamba angekupa hata bila shilingi. Anasema ulipunguza mwendo, ukawasha taa ya kuingia kituoni, kisha ukaizima ukaenda. Ulijua hayatoshi. Kwa nini hukusimama? Ulitaka nione kwamba nilikosea?

Niandikie.

Mwongeli


Kwa Vonza,
3 Novemba 2024

Kwa Mwongeli,

Salamu. Niko.

Sikutaka kuandika hii. Umeniuliza kama mtu mzima, nitakujibu hivyo.

Pale kwa Githaiga nilipunguza, ni kweli. Mama yako alikuwa anavuta pumzi kama anaivuta kwa tundu la sindano. Alishika mkono wangu kwa usukani, mdomo kwenye sikio langu. Akasema, "Usisimame. Mtoto amepiga hesabu, amesema lita tano zinafika. Ukiongeza hata moja atasema ulikuwa unaiba. Leo tumwamini, muache kugombana." Alisema hayo kwa vipande, na kila kipande kilimgharimu.

Mimi nilijua hayafiki. Ningeweza kumkatalia. Lakini moyoni nilikuwa na lile neno lako tangu Agosti, na mkono wake ukaona mahali pa kushika. Nikazima taa ya kona.

Gari ilipoanza kukata, alinitazama. Akauliza, "Tumefika?" Nikamwambia tumefika.

Githaiga alikuja na mitungi akajaza tangi mpaka juu, hakuulizwa na mtu. Gari iko kando ya nyumba. Sijaiwasha.

Krismasi usije. Bado.

Baba yako,
Kiilu


Sultan Hamud,
19 Januari 2025

Kwa Baba,

Habari za huko? Hii ni barua ya tatu tangu yako ya Novemba, na sijapata jibu. Natumaini masikio hayakusumbui. Natumaini unakula.

Kile kitabu nimekichoma. Sikuandika kukuambia hilo. Nimeandika kuuliza kama ile nafasi uliyonipa bado ipo. Siku moja tu, kutoka asubuhi mpaka jioni. Sitakuja na kalamu. Nitaangalia mshale, na usipotaka kuzungumza hatutazungumza.

Kama kuandika ni kugumu, usiandike. Wewe liwashe gari tu, umletee Mbithi maji, halafu upite kwa Githaiga uongeze mafuta, kiasi chochote. Yeye ataniambia, nami nitajua nije.

Kila Jumatatu nampigia. Kabla sijamaliza salamu hunikatiza, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa. "Bado, mwalimu," anasema. "Bado."

Binti yako,
Mwongeli