Muhuri Unaisha Alhamisi

Jumapili, baada ya ibada

Papa,

Faili lako la bluu liko hapa mezani mbele yangu. Mama hulifuta kila siku anapofuta meza, lakini hajalifungua hata mara moja. Mimi ndiye niliyelifungua, juzi Alhamisi, kwa sababu mwisho wa kupeleka maombi ya chuo cha uuguzi ni kesho saa kumi, na bila karatasi zilizo ndani yake hakuna maombi.

Hii ni wiki ya nane tangu tukuzike. Watu wananiuliza naendeleaje, nawajibu niko sawa, na wala siwadanganyi. Naamka. Nateremka ngazi ghorofa tisa, maana lifti bado ni ile ile mbovu. Nasuka watu pale saluni, napanda ngazi, nakula, nalala. Siku ya matanga sikutoa chozi, wamama wa kanisa wakanong'onezana, na mmoja akanifinya mkono kwa nguvu. Nadhani alitaka kunisaidia nianze. Unaikumbuka ganzi ya daktari wa meno? Unajua shavu ni lako, unaligusa, hulisikii. Ndivyo nilivyo mwili mzima.

Nikupe habari za nyumbani. Kampuni ya ulinzi ilimtuma mtu kuchukua yunifomu yako. Mama aliifua kwanza, akaipiga pasi, akaiwekea suruali mistari ile uliyoipenda. Yule mtu akahakikisha kila kitu kipo: koti, kofia, mkanda, tochi, filimbi. Akampa Mama fomu asaini. Jina lako lilikuwa limekosewa herufi. Ungekuwepo usingemruhusu atoke mlangoni mpaka lirekebishwe. Mimi nikaliona, nikanyamaza, akaondoka. Na Hajji wa duka la jumla la mtaa wa Fordsburg, ulikosimama mlangoni miaka yote hii, alileta sufuria kubwa ya biriani siku ya tatu. Alisema hajapata mlinzi mwingine anayemsalimia kila mteja kwa lugha ya kwao. Tukaila ile biriani. Nakumbuka ilikuwa tamu.

Sasa turudi kwenye faili.

Ukipenda kuomba chochote katika nchi hii, chuo au kazi, wanataka nakala zilizogongwa muhuri na polisi kwamba zinafanana na karatasi zenyewe, na muhuri ukipita miezi mitatu hawautaki tena. Kila mtu niliyemjua aliuchukia utaratibu huo. Wewe uliupenda. Siku yako ya mapumziko ulinyoa ndevu, ukavaa koti la kanisani, ukalibana faili kwapani, ukaenda polisi kama mtu anayekwenda kuposa. Kitambulisho changu cha ukimbizi, chako, cha Mama, cheti changu cha matriki cha kumaliza sekondari, barua ya mchungaji, vyote nakala mbili mbili. Ukirudi ulizitandaza kitandani wino ukauke, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Mama alikuuliza siku moja, "Sasa tutalala wapi, juu ya polisi?" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Ulitaka niwe nesi kabla mimi sijajua ninachotaka. Ulisema wagonjwa wako kila nchi, hata tukihamishwa tena sitakosa kazi.

Papa, kuna jambo nililokuficha. Nimelizunguka ukurasa mzima na wewe umeshanijua.

Mwaka jana nilikuambia nilipeleka maombi wakanikataa. Ukauliza kwa nini, nikasema hawakueleza. Ukakaa kwenye kile kiti cha plastiki, ukatoa zile nakala za akiba, ukaanza kuhesabu kwa vidole. Ukahesabu tena. Ukaona kwamba siku niliyosema nimepeleka, muhuri ulikuwa umepita miezi mitatu kwa siku nne. Ukasema, "Basi ni mimi. Ni mimi nimekuharibia, mtoto wangu. Unisamehe." Mzee mzima, baba yangu, ukaniomba msamaha. Na mimi nikakujibu, "Si kitu, Papa." Nikakuacha uamini hivyo.

Ukweli ni kwamba hakuna mtu pale chuoni aliyewahi kuuona muhuri wako. Sikupita hata lango. Nilifika saa mbili asubuhi, mlinzi akaniomba kitambulisho, nikampa kile cha ukimbizi. Akakigeuza mbele na nyuma, akaniambia nisimame pembeni. Nikasimama ukutani. Wengine wakapita. Msichana mmoja akamwambia mwenzake kwamba hata huku wageni wanatufuata, na hakujisumbua kupunguza sauti. Nikasimama pale mpaka saa sita bila mtu kuniita, na mimi sikumwita mtu. Halafu nikaondoka kwa miguu yangu. Bahasha niliificha saluni, chini ya boksi la rasta. Bado iko pale.

Nilifikiri nikisema wamenikataa mambo yataisha. Sikujua kwamba kwako hakuna kinachoisha, ni kugongwa muhuri upya tu. Tangu siku ile ukaacha kungoja miezi mitatu. Ikawa kila baada ya miezi miwili unakwenda, ili zile siku nne zisitukute tena.

Mwezi wa saba ulikuwa unakohoa. Nilikuambia nitakwenda mimi Jumamosi. Jumamosi akaja mteja wa nywele ndefu, sikwenda. Jumatano ukaenda mwenyewe. Foleni ilikuwa nje, upande wa kivuli, na ile baridi unaijua. Ulirudi meno yanagongana, ukazitandaza kitandani, ukasema, "Mwaka huu hawana pa kutushika." Baada ya wiki mbili ulikuwa hospitali, na hukurudi. Daktari alinieleza kwamba mapafu yako yaliharibika zamani, kwamba foleni ya siku moja haiui mtu. Nilimsikia. Nimeyashika maneno yake tangu siku hiyo na sijui niyaweke wapi.

Kuna nesi mmoja pale wodini hukumwona vizuri, ulikuwa umeshaanza kwenda. Kila alipotaka kukugusa alisugua viganja vyake kwanza vipate joto. Halafu alikuambia anachotaka kufanya: sasa nakugeuza baba, sasa nakufuta mgongo. Alikuambia kwa Kiingereza, na hukuwa unasikia tena lugha yoyote, na bado alikuambia. Nilimtazama siku nne. Mwaka jana niliitaka kazi hii kwa sababu wewe uliitaka. Sasa naitaka mwenyewe, na ni kitu pekee ninachokitaka siku hizi, kwa hiyo nimekishika.

Jana nilikwenda polisi. Chuo kinataka kitambulisho cha kila mzazi, na kwa mzazi aliyefariki kinataka cheti cha kifo, nacho kigongwe muhuri. Yule dada wa kaunta, yule uliyekuwa unamuulizia mguu wake, aliliona faili kabla hajaniona mimi. Akauliza, "Yuko wapi mzee wa faili la bluu?" Nikampa cheti na nakala yake. Akasoma jina. Akasema, "Eish." Unajua anavyogonga, pa pa pa, kaunta inatetemeka. Hiki hakukigonga. Alikiwekea muhuri polepole, akaukandamiza, akauinua. Nilitazama yale maandishi kwamba hii ni nakala ya kweli, nikawaza kwamba wewe mwenyewe hukuwahi kukubali jambo lolote mpaka ligongwe.

Kesho naenda. Naliogopa lile lango kuliko mtihani wowote. Fomu nimeijaza yote isipokuwa kisanduku kimoja.

Jumatatu, saa tisa alasiri

Papa, nimetoka huko. Naandika nimekaa kwenye ukuta mfupi ng'ambo ya barabara, kabla sijapanda teksi, kwa sababu wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Mlinzi alikuwa yule yule. Akakichukua kitambulisho, akakigeuza mbele na nyuma, akanyoosha kidole: "Yima lapha." Nisimame pale pembeni. Miguu yangu ikaanza kwenda ukutani yenyewe, mahali pale pale.

Hapo ndipo nikakumbuka Fordsburg. Nilikuwa bado na sare ya shule, nimekuletea chakula cha mchana, na kando ya mlango wako amesimama mtu na boksi lake, anatoka jasho. Nikakuuliza amekosa nini. Ukainama ukanijibu kwa sauti ya chini: "Hana kosa. Ni mimi sijui nifanye nini na ile karatasi yake. Mulinzi akikuambia simama pembeni, hajakukatalia, ni kusema hajui. Usitoke ku macho yake. Ukitoka, yeye amepona. Ukibakia, atatafuta mukubwa wake." Nilicheka, nikakuambia kumbe na nyinyi walinzi mnaogopa. Mwaka jana mzima maneno hayo yalikuwa kichwani mwangu, na sikuyafikia hata siku moja.

Nikauacha ukuta. Nikaenda kusimama hatua moja kutoka kwenye kimeza chake, mbele ya uso wake, faili kifuani. Nikamsalimia kwa lugha yake, nikamwita kaka: "Sawubona, bhuti." Akaitikia bila kunitazama. Akafungua lango gari likapita, akarudi, nipo. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akainua kichwa, nipo. Mwishoni akaniuliza kama sichoki. Nikamwambia baba yangu alikuwa mlinzi, kwetu kusimama ni kazi. Akauliza mlango gani. Nikasema Fordsburg, duka la jumla. Akanitazama kidogo, akachukua redio. "Kuna mmoja hapa ana karatasi ya wakimbizi. Anaingia ama haingii?" Na sauti ya mwanamke ikajibu, imechoka kabisa, kwamba anaingia, siku zote wanaingia.

Siku zote, Papa. Hata ile siku niliyosimama mpaka saa sita.

Ndani kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Alipitia nakala moja moja, kidole juu ya tarehe, kama wewe kabisa, na ningependa mngekutana. Alisema ziko sawa, zimebakiza siku tatu. Kisha akafika kwenye kile kisanduku nilichokiacha wazi, cha baba, yu hai au amefariki. Hakuniuliza. Alinisukumia kalamu yake. Nikatia alama.

Sikujua kwamba nalia. Nilijua pale alipoivuta fomu upande wake haraka isije ikalowa. Wewe pia ungeiokoa karatasi kwanza, halafu ndiyo ungenitafutia kitambaa. Nililia pale kwenye kiti chao, Papa, kwa sauti, na foleni nyuma yangu, na yule mama aliendelea kupanga karatasi zangu mpaka nikamaliza. Imeniuma. Bado inaniuma sasa hivi ninapoandika, na nakukosa mno.

Hawajanichukua. Watatuma ujumbe mwezi wa kumi na moja. Wanaweza kunikataa, na safari hii wakinikataa itakuwa kweli. Nikifika nyumbani nitamweleza Mama yale niliyokueleza wewe, yote, pamoja na ile bahasha ya chini ya boksi. Yeye naye alikuwa amekasirikia zile siku nne.

Nakala ya kitambulisho chako walinirudishia. Walisema haihitajiki, cheti kinatosha. Ninayo hapa. Uso wako umetoka mweusi kidogo kwenye mashine, lakini kola imenyooka. Muhuri wake unaisha Alhamisi, na sitaipeleka kugongwa tena. Nitauacha uishe, na nakala nitabaki nayo.

Nakuahidi haya. Sitatoka machoni pa mtu kwa sababu tu hajui anifanyie nini. Na wakinipokea, sitamgusa mgonjwa kwa mikono baridi, na nitamwambia ninachotaka kumfanyia hata kama hasikii.

Lala, Papa. Zile siku nne hazikumzuia mtu. Hukukosea popote.

Binti yako,
Furaha