Jina la Sindano Njema

Gatina, Kawangware

Kwako mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Goti lako linaendeleaje? Na mvua imefika huko Kitui ama bado mnaangalia mawingu tu? Huku sisi ni wazima. Watoto wanakula vizuri, na mimi bado nashona yunifomu pale pale chini ya ploti tunamokaa.

Mama, kuna jambo limenikaa moyoni. Nilitaka tovuti, ndio shule ziweze kuagiza yunifomu kwa simu. Rafiki yangu Achieng, anayefanya kazi saiba, pale pa kulipia intaneti, akaniambia kuna mnada wa mtandaoni ambapo majina ya tovuti yaliyoachwa na wenyewe huuzwa. Tukaona moja tamu: Sindano Njema. Mchana wa mnada mimi nilikuwa napiga pasi, yeye ameshika simu. Kila tukipandisha bei, mtu tusiyemjua naye anapandisha, na muda unaongezwa. Tulipanda hadi pesa nilizowekea cherehani ya pili zikaisha. Tukashinda! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio.

Achieng akafungua barua pepe ya jina hilo, kwa hiyo kila aliyeandikia anwani ya zamani barua yake ikatufikia sisi. Siku ya tatu barua zikaanza kuingia, lakini si za wateja. Moja ilisema: "Mwalimu, habari ya siku nyingi. Nimepata kazi Mombasa lakini wanataka cheti. Tafadhali, usininyamazie tena." Kumbe Sindano Njema kilikuwa chuo cha ushonaji kule Silanga, Kibera. Kilishafungwa, lakini wasichana waliosomea pale bado wanaandika.

"Futa tu," Achieng akasema. "Si umenunua? Hiyo sasa ni yako."

Sikuweza. Nilizisoma zote, mama, na hilo linaniaibisha. Jumamosi nikazichapisha, nikaenda Silanga kuulizauliza, hadi mama mmoja muuza makaa akanionyesha shamba kando ya bwawa. Mwalimu Rosa, aliyekuwa mwenye chuo hicho, alikuwa anachuma sukuma wiki. Nilipomweleza, alipangusa mikono kwa leso.

"Simu yangu iliibiwa," akasema. "Ukumbusho wa kulipia jina ulikuwa unaingia huko. Nilipokuja kujua, limeshapelekwa mnadani."

"Nikurudishie?"

"Ulilinunua kwa haki?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi jina ni lako. Lakini barua ni zangu."

Nikampa. Alizipekua haraka haraka bila kuzisoma, anatazama majina tu. Kisha akaniuliza polepole, "Hakuna ya Adhiambo? Ni binti yangu. Alienda Uarabuni, na anwani aliyobaki nayo ni hiyo peke yake."

Nikamwambia bado.

Yule wa Mombasa aliandikiwa cheti na Mwalimu siku hiyo hiyo, juu ya meza yake ya kuuzia mboga. Mimi nimeamua kutafuta jina lingine la yunifomu zangu, hata kama ni refu. Achieng anasema nimepoteza cherehani bure. Huenda. Lakini hili la Sindano Njema nitaendelea kulilipia, ili Adhiambo akiandika, barua yake ipate pa kufika.

Nisalimie kaka Musyoka na wenzake wanaochimba kisima, na shangazi Kalunde wa kwaya. Mwambie sauti yake naikumbuka kila Jumapili.

Mungu akutunze, mama. Ni mimi binti yako,
Mwende